Kulirudishia Benzi la Zamani Vitu Vyake

Gari langu ni Mercedes-Benz 300E la mwaka 1990, la umbo lile ambalo wapenzi wake hulijua kwa namba W124. Nilipolinunua hapa Jinja lilikuwa limepita mikono mingi, na kila mkono ulikuwa umetoa kitu. Thamostati, valvu inayoongoza joto la maji ya injini, haikuwepo. Taa ya onyo ya ABS, mfumo wa breki unaozuia magurudumu yasijifunge, haikuwaka kabisa, hata unapowasha swichi, kwa sababu balbu yake ilichomolewa. Fyuzi mbili zilikuwa zimezungushiwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Upande mmoja wa injini, mahali pa mpira wa kubeba injini, palikuwa na kipande cha tairi la lori kilichokatwa kwa kisu. Gari lilitembea, lakini lilichemsha kwenye foleni, lilitetemeka kwenye taa za barabarani na kunywa petroli kupita kiasi. Kila niliyemuuliza alinijibu kwamba Benzi kuukuu ndivyo lilivyo.

Sikubaliani nao. Tangu nianze kulitengeneza gari hili uani kwangu Walukuba, nikisaidiana na jirani yangu, askari mstaafu mwenye 230E la umbo hilohilo, nimeshika jambo moja ambalo nataka wenzangu wenye magari ya namna hii walisikie. Umri si kitu kinachoyamaliza magari haya upesi. Yanamalizwa na ile kauli ya gereji, "toa hiki, hakina kazi." Waliolichora gari hili hawakutia kitu cha mapambo chini ya boneti. Ukitoa kimoja, kazi yake inaangukia kingine, na hicho kingine ndicho kitakachokufa mwaka ujao.

Nianze na joto, maana ndilo lililonisumbua zaidi na ndilo linaloua injini nyingi hapa kwetu.

Sababu ya kutoa thamostati huwa moja: nchi yetu ina joto, thamostati ni ya Wazungu wenye baridi. Ukisikia haraka inaingia akilini. Lakini thamostati ya injini hii ya M103 ina visahani viwili. Cha juu hufungua njia ya maji kwenda kwenye rejeta, huanza kufunguka kwenye nyuzi 87 hivi. Cha chini hufanya kazi ya kinyume: kadiri cha juu kinavyofunguka, chenyewe huziba njia ya mkato, ile inayorudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa thamostati, njia ya mkato inabaki wazi wakati wote. Sehemu ya maji ya moto inazunguka ndani ya injini tu, haipozwi. Ndiyo maana gari langu lilikuwa na tabia iliyowachanganya mafundi: likikimbia Mabira mshale wa joto haufiki hata 80, likifika kwenye foleni ya Mukono unapanda kama wazimu. Gari lilikuwa baridi mno barabarani na moto mno mjini, kwa sababu moja ileile.

Na ubaridi nao ni ugonjwa. Injini isiyofika joto lake inaendelea kupewa petroli nyingi kama ya asubuhi, petroli ya ziada inaosha oili kwenye kuta za silinda, na pete za pistoni zinalika. Mtu anaona mshale uko chini, anafurahi kwamba gari lake "halichemshi," kumbe analila polepole.

Basi nikarudisha thamostati. Kabla ya kuifunga niliipima, na ningependa kila mtu afanye hivyo kwa sababu feki ni nyingi. Chukua sufuria ya zamani ambayo haitarudi jikoni, tia maji, itundike thamostati kwa uzi isiguse chini, weka kipimajoto, pasha moto taratibu. Hapa Jinja tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100. Bado inatosha kuona thamostati ya 87 ikianza kufunguka. Ya kwanza niliyouziwa ilikaa imefunga mpaka maji yakachemka. Niliirudisha dukani na sufuria ikiwa bado ina uvuguvugu, na muuzaji akanibadilishia bila maneno mengi.

Hiyo hesabu ya mwinuko inatupeleka kwenye kifuniko cha maji, kitu kidogo ambacho watu hubadilishana kama vizibo vya soda. Kifuniko cha gari hili kina namba 140 juu yake, maana yake kinashikilia presha ya baa 1.4. Kwa presha hiyo hata maji matupu hayachemki mpaka yapite nyuzi 120. Kifuniko nilichokikuta kilikuwa cha gari jingine, kimeandikwa namba ndogo zaidi, na mpira wake umekauka. Kwa hiyo maji yalichemka mapema na kumwagika, mwenye gari akaongeza mengine ya bomba, na ya bomba yakaleta kutu na magamba. Silinda hedi ya injini hii ni ya aluminiamu. Haitaki maji matupu. Inataka nusu kulenti, ile dawa ya rejeta, nusu maji safi. Watu wanadhani kulenti ni ya kuzuia barafu tu, na kwa kuwa Uganda haina barafu isipokuwa kule juu Rwenzori, wanaona ni fedha ya bure. Kazi yake kubwa kwetu ni kuzuia kutu na kuinua kiwango cha kuchemka.

Tulimwaga yale maji ya rangi ya chai ya rangi, tukasafisha mfumo kwa asidi ya sitriki iliyoyeyushwa, tukasuuza mpaka maji yakatoka meupe. Kisha tukafungua mbele. Kati ya rejeta na kondensa ya kiyoyozi palikuwa pamejaa majani, wadudu na vumbi jekundu la murram lililoshikana kama tofali. Rejeta haikuwa na shida yoyote. Ilikuwa imezibwa pumzi tu. Maji ya mpira yanapigwa kutoka upande wa injini kwenda nje, kwa nguvu ndogo, ili usikunje mapezi yake.

Feni nayo ilikuwa na hadithi yake. Feni kubwa ya 300E haizunguki na injini moja kwa moja. Katikati kuna klachi yenye mafuta ya silikoni, ambayo hukaza pale hewa inayotoka kwenye rejeta inapokuwa ya moto na kulegea hewa hiyo inapopoa. Ya kwangu ilikwisha mafuta, na badala ya kuibadilisha, mtu aliitoboa akaifunga kwa skrubu izunguke daima. Matokeo yake ni mngurumo wa lori, nguvu inayopotea na bearing ya pampu ya maji inayobebeshwa mzigo usio wake. Feni mbili ndogo za umeme zilizo mbele nazo ziliunganishwa dairekti kwenye swichi ya gari. Kwa utaratibu wake, zinatakiwa kuwaka taratibu unapotumia kiyoyozi, na kwa kasi kamili maji yanapofika nyuzi 105. Zilizokuwa zikizunguka tangu asubuhi hadi jioni zilikuwa zimechoka kiasi kwamba moja haikuwa ikigeuka tena. Tulirudisha klachi nzima, tukafuata waya mmoja mmoja mpaka kwenye swichi yake ya joto.

Sasa mshale unakaa kati ya 85 na 90 njia nzima. Kwenye foleni ya Mukono jua likiwa utosini unasogea kuelekea 100, feni inakaza, unashuka. Huo ndio uzima wake. Mwenye W124 asiogope mshale unaopanda na kushuka. Aogope ule usiojongea na ule usiorudi.

Umeme sitaupita haraka, ingawa wengi huukimbia. Fyuzi za gari hili ni zile za umbo la risasi, kijiti chenye kipande cha chuma juu yake, zinazokaa katikati ya meno mawili. Unyevu wa ziwa unazifanyia ukungu kwenye ncha, umeme unapita kwa taabu, na mara taa inafifia, mara waipa inasimama. Dawa ya kwanza haina gharama: zima gari, zigeuze fyuzi zote kwa vidole pale zilipokaa, zungusha huku na huku. Utashangaa ni mangapi yatafufuka. Dawa ya pili ni kununua seti nzima mpya na kuzipanga kwa rangi zake: nyeupe ni ampea 8, nyekundu 16, buluu 25. Karatasi ya sigara haina ampea. Inapitisha chochote mpaka waya uungue, na nyaya za miaka thelathini na zaidi zikishika moto nyuma ya dashibodi hakuna wa kuzifikia.

Nilipoirudisha balbu ya ABS, taa iliwaka na haikuzima. Yule aliyeitoa aliijua taa hiyo. Aliona ni usumbufu, akaiziba mdomo, kisha akamwambia mwenye gari kwamba injini inayotikisika bila kasi ya kudumu ni kompyuta iliyokufa. Mambo hayo mawili yalikuwa ya nyumba moja. Nyuma ya betri kuna kisanduku kidogo cha aluminiamu chenye fyuzi juu yake, rilei ya kuzuia umeme kuzidi. Ndiyo inayolisha kompyuta ya ABS na kompyuta ya mfumo wa petroli. Ndani yake lehemu hupata nyufa kama unywele kwa sababu ya kupata moto na kupoa miaka mingi. Jirani yangu, ambaye jeshini alizoea redio, aliifungua, akaitazama kwa kioo cha kukuzia, akanionyesha pete nyembamba nyeusi kuzunguka miguu miwili.

"Mwalimu, ugonjwa wako huu hapa," akasema. "Hii ndiyo kompyuta yao iliyokufa."

Alipitisha chuma cha lehemu. Taa ikazima yenyewe, injini ikatulia. Baadaye nilinunua rilei mpya, kwa sababu lehemu ya nyumbani kwenye kitu kinachobeba breki ni ya kukuvusha tu. Lakini fikiria: balbu moja iliyoachwa mahali pake ingemwonyesha mwenye gari wa awali njia miaka yote ile.

Upande wa petroli, 300E linatumia KE-Jetronic ya Bosch, mfumo ambao nusu yake ni mashine tupu na nusu ni umeme. Unaogopwa sana gereji, na kwa kuwa unaogopwa, unachezewa. Kati ya sahani ya kupimia hewa na kigawa-petroli kuna mnara mdogo, na chini yake skrubu ya kurekebisha mchanganyiko, inayoingia ufunguo wa pembe sita wa milimita 3. Kiwandani iliwekewa kizibo ili isiguswe ovyo. Changu kilishang'olewa. Injini ikitikisika, mtu anazungusha. Wiki ijayo joto likibadilika, anazungusha tena.

Naomba skrubu hiyo iwe ya mwisho kabisa. Kwanza lirudishe joto sawa, maana kihisi cha joto ndicho kinachoiambia kompyuta ipunguze petroli. Pili tafuta hewa ya wizi: mfuko wa mpira ulio chini ya sahani ya hewa, ambao huchanika mahali usipoonekana, na viringi vya mpira vya injekta, ambavyo kwa umri huu vinakuwa vigumu kama plastiki. Vyangu vilikatika vilipoguswa. Tatu ndipo uchukue mita inayoweza kusoma asilimia, uichomeke kwenye soketi ya vipimo iliyo upande wa ukuta wa injini, usome injini ikiwa na joto kamili. Namba inatakiwa icheze juu na chini kuzunguka 50. Yangu ilikaa kwenye 50 bila kutikisika. Kwa asiyejua, hiyo inaonekana kamilifu. Maana yake ni kwamba kihisi cha oksijeni kwenye ekzosi hakisemi kitu, na nilipoingia chini niliona kwa nini: ekzosi ilikatwa, kikatalisti, kile cha kusafisha moshi, kikauzwa kwa ajili ya madini yake, kihisi kikaenda nacho, na tundu likachomelewa. Nilichomelea tundu jipya, nikatia kihisi, namba ikaanza kucheza. Hapo ndipo nilipoigusa skrubu, kwa robo ya mzunguko na chini ya hapo. Petroli niliyokuwa nikiimaliza kwenda Kampala tu sasa inanipeleka na kunirudisha.

Kisa cha giaboksi ni cha jirani yangu. 230E lake lilikuwa linabadilisha gia kwa kishindo, kama mtu anakupiga teke mgongoni mwa kiti. Gereji tatu zilimwambia anunue giaboksi ya mtumba. Giaboksi hizi za otomatiki hupima mzigo wa injini kwa uvuto wa hewa unaokuja kwa kijibomba chembamba cha plastiki kutoka kwenye manifoldi hadi kwenye kopo dogo ubavuni mwa giaboksi. Pale kijibomba kinapoungana na kopo kuna kiwiko cha mpira, kifupi kuliko kidole. Chake kilikuwa kimepasuka kwa joto. Bila uvuto, giaboksi inaamini dereva amekanyaga mpaka chini, inabana kwa presha yote. Alibadilisha kiwiko, gia zikawa laini. Tulipokuwa chini tukalitazama na kopo lenyewe: ukichomoa kijibomba ukakuta oili nyekundu ndani yake, ngozi ya kopo imetoboka na injini inainywa oili ya giaboksi, moshi utauona nyuma. Lake lilikuwa kavu. Hatukuacha oili ya zamani wala filta yake, lakini giaboksi ni ileile iliyotoka nayo kiwandani.

Mpira wa kubeba injini nilibadilisha yote miwili na ule wa giaboksi kwa pamoja. Ya asili ina majimaji ndani ya kumeza mtikisiko. Kipande cha tairi kinabeba uzito, ndiyo, lakini mtikisiko wote kinaupeleka kwenye bodi, na gari linaloanza kutikisika mwili mzima linalegeza plagi za waya, linapasua lehemu, linachosha mabomba. Sina shaka kwamba ile rilei iliharakishwa na tairi lile.

Breki niseme machache. Waya wa kuonya pedi zimekwisha usiusokote pamoja ili taa izime. Waya mpya ni bei ndogo, diski iliyochimbwa na chuma si bei ndogo. Mafuta ya breki ya DOT 4 hunyonya unyevu, nasi tunaishi kando ya ziwa, kwa hiyo yabadilishwe bila kungoja yawe meusi. Na unapotoa hewa ukiwa na msaidizi wa kukanyaga pedali, weka kipande cha ubao chini ya pedali isifike sakafuni. Kwenye masta silinda, pampu kuu ya breki, ya umri huu, sehemu ambayo pistoni haijawahi kuifikia ina kutu, na mpira ukisukumwa mpaka huko unachanwa. Mke wangu ndiye hukanyaga, na ndiye aliyeuliza kwa nini nisiweke ubao wa kudumu. Jibu ni kwamba barabarani, siku mkondo mmoja ukivuja, unauhitaji urefu wote wa pedali.

Kuna kazi ambayo hatufanyi uani, nayo ni springi za mbele. Kwenye W124 springi haizunguki shokomzoba. Imekaa peke yake juu ya mkono wa chini, imebanwa kwa nguvu inayoweza kuua mtu. Inahitaji kifaa chake maalumu kinachoingia ndani ya springi. Nimeona watu wakiifunga kwa minyororo na nyaya za kuvutia magari. Nikiwa na bushi au boljointi za mbele za kubadilisha, ninalipeleka gari kwa fundi mwenye kifaa, ninamlipa, ninakaa pembeni. Kazi nyingine zote za chini tunazifanya juu ya stendi za chuma, kamwe si juu ya jeki peke yake, na kwa kuwa uani kwangu ni udongo, chini ya kila stendi kuna kipande cha bamba la chuma. Mvua ikinyesha usiku, gari linateremshwa. Udongo uliolowa hauaminiki.

Kuhusu spea, watu hudhani tatizo ni kupata. Tatizo ni kujua unachotaka. Karibu kila kipande cha Mercedes-Benz kina namba iliyochongwa au kuandikwa juu yake, inayoanza na herufi A. Tarakimu tatu za kwanza zinakwambia kipande kilibuniwa kwa gari gani au injini gani: 124 ni bodi yetu, 103 ni injini yangu. Zinazofuata zinakwambia kundi la kazi: 20 ni upoozaji, 27 giaboksi ya otomatiki, 32 springi na shokomzoba, 42 breki. Ukifika soko la spea la Kisekka pale Kampala ukasema "nataka bushi ya Benzi," utaonyeshwa gunia. Ukisema namba, au ukatoa kile kilichochakaa mfukoni, mazungumzo yanabadilika mara moja. Muuzaji anayejua ataitazama namba, atatuma kijana kwenye kibanda cha tatu, na kitu kitakuja. Nenda pia na namba ya chesi. Ya 300E inaanza na WDB124030, na ya jirani yangu WDB124023. Kipande kinachofaa kimoja mara nyingine hakifai kingine, hata kama macho hayaoni tofauti.

Tangu sheria ya usalama barabarani ilivyorekebishwa 2018, gari lililotimiza miaka 15 haliruhusiwi kuingizwa nchini. Kwa hiyo W124 zilizopo Uganda ndizo hizi, hakuna nyingine inayokuja. Zinazokufa zinakatwakatwa. Ndiyo maana mimi na jirani yangu tulichangishana tukanunua moja iliyogongwa nyuma, tukaifungua taratibu badala ya kuiuza chuma chakavu. Tulihifadhi vitu ambavyo havitengenezwi upya kwa urahisi: vioo, mishikio ya milango, swichi, saa ya dashibodi, mabomba ya uvuto wa hewa, klipu za plastiki ambazo kila fundi huvunja na kuzibadilisha kwa skrubu ya mbao. Kila kitu kiko kwenye mfuko wenye jina lake. Wapo vijana wawili wa mtaa wanaokuja kutusaidia, na jambo la kwanza wanalofundishwa ni kwamba nati ikitoka, inaingia kwenye kikopo chenye jina la mahali ilipotoka. Wakianza kuuliza "hii kazi yake ni nini?" kabla ya kusema haina kazi, nawaachia spana.

Kazi iliyo mbele yetu sasa ni sili za valvu. Asubuhi likiwashwa linatoa moshi wa buluu kwa muda mfupi kisha unapotea: oili imeteremka usiku kupitia sili zilizokauka, jambo la kawaida kwa M103 ya umri huu. Silinda hedi haina haja ya kushuka. Unaondoa kifuniko cha valvu na mikono ya kusukumia, unaileta silinda pistoni ikiwa juu kabisa, unajaza hewa ya kompresa kupitia tundu la plagi ili valvu zisianguke, unabana springi, unabadilisha sili, unahamia inayofuata. Fundi wa matairi wa njia panda amekubali kutuazima kompresa yake siku ya Jumapili, na sili kumi na mbili ziko kwenye droo, namba zake nimezilinganisha. Mtu mmoja mwenye nia njema alinishauri nisihangaike, nitie oili nzito ya malori na moshi utapungua. Oili itabaki ya unene uleule unaotajwa kwenye kitabu cha gari.